Ndugu yako amekamatwa Kenya: hatua kwa hatua, kutoka kumpata wakili hadi dhamana

Ijumaa moja, saa nane mchana, mama mmoja alisimama kwenye dirisha la karani katika mahakama moja ya Pwani. Hati miliki alikuwa ameifunga kwa mfuko wa nailoni, akauzungushia leso. Mwanawe alikuwa amepewa dhamana tangu saa nne asubuhi: bondi ya shilingi 200,000 na mdhamini mmoja. Shamba lile lilikuwa na thamani ya kutosha na kubaki. Karani aliifungua hati, akasoma jina, akairudisha taratibu. Jina lilikuwa la baba yake mama huyo, marehemu, na mirathi haikuwa imefanywa. Kijana akapandishwa gari la magereza, akakaa rumande siku kumi na moja kwa kosa ambalo hakimu alishasema angoje kesi akiwa nyumbani.

Nimezisindikiza familia nyingi kwenye safari hii, na kwa macho yangu kinachowakwamisha wengi si pesa, ni karatasi. Watu hukimbilia kuchanga, wanasahau kuuliza mahakama itataka kuona nini. Mwongozo huu unafuata sheria za Kenya. Ukiwa Tanzania usiutumie hivi hivi, kwa sababu huko yapo makosa ambayo hayana dhamana kabisa, kama mauaji na unyang'anyi wa kutumia silaha.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka nyumbani

- Kitambulisho chako halisi na nakala tatu.
- Kitambulisho cha aliyekamatwa, au hata namba yake tu.
- Daftari na kalamu. Simu huzimika chaji, na vituo vingine hukuzuia kuingia nayo.
- Dawa zake kama ana kisukari, pumu, presha au anatumia ARV, pamoja na karatasi ya hospitali inayoonyesha hizo dawa.
- Jina la mtu mmoja au wawili wenye ardhi au gari lililosajiliwa kwa jina lao wenyewe, ambao wako tayari kumdhamini. Wapigie simu leo, msingoje siku ya mahakama.
- Pesa za nauli, nakala na kiapo. Pesa za dhamana zibaki kwenye simu au benki, usitembee nazo mfukoni.

## Hatua ya 1: Jua yuko wapi na anashikiliwa kwa kosa gani

Anza na kituo kilicho karibu na alipokamatwa. Wakisema hayupo, uliza kama amehamishwa na ni kituo kipi. Kukamatwa kwake kunapaswa kuwa kumeandikwa kwenye kitabu cha matukio, kile kila mtu anachokiita OB. Omba namba ya OB, uiandike pamoja na tarehe na saa aliyokamatwa.

Kisha uliza mambo matatu: kosa analoshukiwa, jina la afisa mpelelezi, na mahakama atakayopelekwa. Uliza kwa heshima na bila kupandisha sauti. Ukikataliwa kwenye kaunta, omba kumwona mkuu wa kituo, yaani OCS.

Ukimaliza hatua hii unapaswa kuwa na mstari mmoja daftarini wenye kituo, namba ya OB, saa ya kukamatwa, kosa na jina la mpelelezi. Wakili yeyote utakayempigia ataanza kwa kukuuliza hayo. Ukiwa nayo, mazungumzo huchukua dakika tano. Usipokuwa nayo atakurudisha kituoni.

Onyo: wakikataa kabisa kusema yuko wapi, usingoje kuche. Wakili anaweza kwenda Mahakama Kuu kuomba amri ya kumleta mtu huyo mbele ya jaji, na haki hiyo ni miongoni mwa zile ambazo Katiba, Ibara ya 25, imesema haziwezi kupunguzwa. Piga pia IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendakazi wa polisi, kwa namba ya bure 1559.

## Hatua ya 2: Mfikishie maneno haya aliye ndani

Ukiruhusiwa kumwona hata dakika mbili, usizimalize kwa kulia wala kumgombeza. Mwambie:

"Sema jina lako na unakoishi. Mengine waambie utazungumza wakili akiwepo. Usitie sahihi karatasi usiyoielewa."

Ibara ya 49 ya Katiba inampa haki ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa sababu ya kukamatwa, haki ya kunyamaza, na haki ya kuwasiliana na wakili. Tena kukiri kosa mbele ya polisi hakukubaliki mahakamani hivi hivi. Sheria ya Ushahidi inataka iwe mbele ya hakimu au jaji, au mbele ya afisa asiye mpelelezi wa kesi hiyo, wa cheo kisicho chini ya Inspekta, na pawepo mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa. Ukijua hilo hutamsukuma ndugu yako "akubali tu yaishe". Nimewaona wazazi wakiwapa watoto wao ushauri huo kwa nia njema, na kesi iliyokuwa nyepesi ikawa nzito.

Kama aliyekamatwa ni mtoto wa chini ya miaka 18, sema hivyo mara moja na upeleke cheti cha kuzaliwa. Hapaswi kuchanganywa na watu wazima seli, na mzazi au mlezi lazima ajulishwe.

## Hatua ya 3: Tafuta wakili wa hapo hapo

Wakili wa karibu ana faida ambayo wengi hawaihesabu. Anaijua mahakama ile: karani anayeshughulikia wadhamini, saa anayofunga faili, hakimu anayetaka ripoti ya ukadiriaji hata kwa kiasi kidogo. Wakili maarufu wa Nairobi kwa kesi ya Kwale atakugharimu nauli, na huenda akatuma mwenzake ambaye hamjawahi kuonana.

Pa kumtafuta. Waulize watu waliowahi kuwa na kesi katika mahakama hiyo hiyo. Nenda ofisi za mawakili zilizo jirani na mahakama. Uliza tawi la Chama cha Mawakili cha Kenya, LSK, la eneo lako.

Kama hamna uwezo wa kulipa. Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliundwa na sheria ya mwaka 2016 kwa ajili ya watu kama nyinyi. Kituo cha Sheria kinasaidia maskini. FIDA inasaidia wanawake. Mombasa yapo mashirika ya haki za binadamu MUHURI na Haki Africa, hasa pale polisi wanapodaiwa kumtesa au kumficha mtu. Kwa shtaka la mauaji, mahakama humpangia mshtakiwa wakili anayelipwa na serikali, kwa hiyo msiuze shamba kabla ya kuuliza.

Mhakiki kabla ya kulipa hata shilingi moja. Kila wakili wa Kenya ana namba ya usajili inayoanza na P.105. Iombe. Ingia tovuti ya LSK, tafuta jina lake, uone kama leseni yake ni hai mwaka huu, maana hutolewa upya kila mwaka. Jina lisipoonekana, au likionekana kuwa si hai, ondoka. Kwenye milango ya mahakama wamo wanaume waliovaa suti na kubeba faili ambao si mawakili hata kidogo. Hao ni madalali. Watakwambia wanamjua hakimu. Wakili wa kweli hakwambii hivyo.

Muulize haya, uandike majibu:

1. Umewahi kusimamia kesi za kosa hili katika mahakama hii?
2. Utasimama wewe mwenyewe siku ya mashtaka, au utatuma mwingine?
3. Ada hii ni ya dhamana peke yake au ya kesi nzima?
4. Utanipa risiti na makubaliano ya maandishi?

Swali la tatu ndilo linalovunja familia. Watu hulipa wakidhani wamelipia kesi, kumbe wamelipia siku moja. Kijana anatoka, furaha imejaa, halafu kesi inapofika kusikilizwa hakuna wakili na hakuna pesa.

Onyo: ada ya wakili na pesa ya dhamana ni vitu viwili, visipite mkono mmoja. Ada inabaki kwa wakili. Dhamana inakaa mahakamani na inarudi kwenu. Wakili akisema "nipe zote nitapanga", mwambie dhamana mtailipa wenyewe.

## Hatua ya 4: Omba dhamana ya polisi kwanza

Kwa makosa mengi madogo si lazima alale ndani. OCS anaweza kumwachilia kwa bondi au kwa pesa taslimu, kwa ahadi ya kufika kituoni au mahakamani siku iliyotajwa. Makosa kama mauaji, uhaini na wizi wa mabavu hayamo hapa, hayo yanangoja mahakama.

Omba kwa maneno haya haya: "Afande, naomba apewe dhamana ya polisi." Mkilipa, mdai risiti rasmi ya serikali yenye kiasi, jina na tarehe ya kufika. Pesa isiyo na risiti si dhamana, ni hongo, na kesho afisa wa zamu nyingine hataijua.

Umefaulu kama ametoka, mna risiti, na tarehe ya kurudi imeandikwa. Akikosa kurudi tarehe hiyo, pesa inapotea na anatafutwa upya.

## Hatua ya 5: Zihesabu saa 24 sawasawa

Katiba inataka afikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo, isizidi saa 24. Lakini saa hizo zikiishia nje ya muda wa mahakama, au siku ambayo mahakama haikai, mwisho wake unasogea hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata.

Kwa mfano, aliyekamatwa Jumanne saa nne asubuhi, muda unaisha Jumatano saa nne asubuhi. Aliyekamatwa Jumanne saa mbili usiku, muda unaisha Alhamisi jioni mahakama inapofunga. Aliyekamatwa Ijumaa jioni huenda akakaa hadi Jumatatu bila sheria kuvunjwa, maadamu Jumatatu hiyo si sikukuu.

Hii ndiyo sababu ya kuandika saa ya kukamatwa kwenye hatua ya kwanza. Muda ukipita, wakili ana hoja ya kusimama nayo.

Onyo: wakati mwingine polisi humfikisha mahakamani bila mashtaka, wakaomba siku zaidi za kumshikilia wakichunguza. Hakimu anaweza kukubali, kukataa, au kupunguza siku. Hapo ndipo wakili anahitajika kuliko siku nyingine yoyote, nanyi huenda mkawa mlidhani bado ni mapema.

## Hatua ya 6: Siku ya kusomewa mashtaka

Fikeni asubuhi na mapema, mmevaa nguo za heshima. Mdhamini aje na hati zake siku hiyo hiyo.

Shtaka litasomwa kwa lugha anayoielewa. Asipoelewa, aseme, mkalimani ni haki yake. Akikana shtaka, wakili anaomba dhamana. Kama hamna wakili, mshtakiwa mwenyewe anaweza kusema: "Mheshimiwa, naomba dhamana yenye masharti nitakayoweza. Nina familia, naishi mahali fulani, na mdhamini wangu yupo hapa mahakamani." Sentensi hiyo ya mwisho ina uzito. Hakimu anapomwona mzee amesimama nyuma akiwa na hati mkononi, anaona mtu mwenye mizizi.

Katika Kenya kila kosa lina dhamana, hata mauaji. Ibara ya 49 inasema aachiliwe kwa masharti yanayofaa, isipokuwa kuwe na sababu nzito za kumzuia, na sababu hizo ni upande wa mashtaka unaopaswa kuzionyesha: kwamba atatoroka, atawatisha mashahidi, au usalama wake mwenyewe umo hatarini. Na kama kosa lenyewe adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita, Katiba inakataza asiwekwe rumande.

Katika makosa mazito hakimu anaweza kuagiza ripoti ya afisa wa probesheni kabla ya kuamua. Afisa huyo atakuja mtaani, aulize majirani, chifu, mzee wa mtaa. Waambieni majirani mapema, na msiwafundishe uongo.

## Hatua ya 7: Isome amri ya dhamana neno kwa neno

Amri huwa kama hivi: "Bondi ya shilingi 200,000 na mdhamini mmoja wa kiasi hicho hicho, au dhamana ya pesa taslimu shilingi 50,000."

Neno la kutazama ni *au*. Mnachagua moja. Bondi ya 200,000 haina maana ya kulipa 200,000. Maana yake ni kwamba mdhamini anaweka hati ya mali yenye thamani isiyopungua kiasi hicho, naye atadaiwa kiasi hicho mshtakiwa akitoroka. Njia ya pili ni kuilipa mahakama 50,000, nayo inarudi kesi ikiisha. Na amri ikisema *na* badala ya *au*, masharti yote lazima yatimizwe. Hakimu anaweza pia kumwachilia kwa bondi binafsi, ambapo anatia sahihi tu bila pesa wala mdhamini.

Mkiwa na shaka, mwulizeni karani wa korti kabla faili haijaondoka pale mezani.

## Hatua ya 8: Timizeni masharti

### Mkichagua pesa taslimu

Karani hutoa bili, mnailipa kwa mfumo wa eCitizen au benki. Mahakama haipokei noti mkononi, kwa hiyo anayetaka pesa mkononi anakuibia. Baada ya malipo mnapata risiti rasmi.

Amueni *kabla ya kulipa* risiti itakuwa kwa jina la nani. Pesa zitarudi kwa huyo tu. Kama mmechanga ukoo mzima, andikeni orodha ya michango na kila mmoja atie sahihi. Nimeshuhudia ndugu wa tumbo moja wakiacha kusalimiana kwa ajili ya risiti.

### Mkichagua mdhamini

Hapa ndipo yule mama alipokwama, kwa hiyo tusiende mbio. Mdhamini mwenye ardhi alete:

- Kitambulisho chake halisi na nakala, na PIN ya KRA.
- Picha za pasipoti.
- Hati miliki halisi, si nakala.
- Sachi rasmi ya ardhi ya hivi karibuni, inayoonyesha mwenye ardhi ni nani na kama ina deni. Ardhi iliyokwisha kuingizwa Ardhisasa, mfumo wa serikali wa ardhi mtandaoni, sachi yake hufanywa humo; nyingine hufanywa kwenye ofisi ya msajili wa ardhi.
- Ripoti ya mkadiriaji thamani aliyesajiliwa.
- Hati ya kiapo ya mdhamini, na ya mume au mke wake kuonyesha ridhaa.
- Mara nyingi, barua ya chifu.

Mwenye gari alete logibuku halisi kwa jina lake pamoja na ukadiriaji. Baadhi ya mahakama hukubali hati za mshahara kwa kiasi kidogo. Nendeni kwa karani mkaombe orodha ya mahakama yenu, maana hutofautiana.

Kisha ikague hati ukiwa nyumbani, kwa macho yako. Je, jina ni la mdhamini aliye hai? Je, linalingana herufi kwa herufi na kitambulisho? Mohamed na Mohammed zimelaza watu ndani. Dawa yake ni kiapo cha majina, na hufanywa siku moja. Je, hati imewekwa benki kwa mkopo? Sachi italionyesha hilo hata mkificha. Na nyumba bila ardhi, kama ilivyo kwa wengi Mombasa, haiwezi kutumika kama hati ya ardhi, hata iwe ghorofa.

Hati zikikamilika, mdhamini huhojiwa na hakimu au naibu msajili. Ataulizwa anamjuaje mshtakiwa, anafanya kazi gani, na kama anaelewa atapoteza nini. Ajibu ukweli. Mdhamini wa kukodishwa, yule asiyelijua hata jina la pili la mshtakiwa, hugunduliwa kwa swali moja, na hapo kesi huwa mbili.

## Hatua ya 9: Ifuateni amri ya kuachiliwa mpaka mlangoni

Dhamana ikikubaliwa, mahakama hutoa amri ya kuachiliwa. Kama bado yuko seli za mahakama, atatoka hapo. Kama amepelekwa gerezani, amri lazima ifike huko kabla shughuli za siku hazijafungwa. Muulizeni karani nani anaipeleka na saa ngapi. Ndugu mmoja angoje mlangoni mwa gereza, mwingine abaki mahakamani na simu.

Mkifikia saa tisa mchana siku ya Ijumaa na bado hati ya mdhamini haijahakikiwa, na pesa taslimu mnazo, fikirieni kulipa. Siku tatu za rumande ni nyingi.

## Masharti yakiwashinda, au dhamana ikikataliwa

Msikate tamaa, wala msimwachie "apumzike huko kidogo". Wakili anaweza kurudi mbele ya hakimu yule yule kuomba masharti yalegezwe, akionyesha kipato cha familia. Anaweza pia kwenda Mahakama Kuu, ambayo ina mamlaka ya kupunguza kiasi au kutoa dhamana iliyokataliwa. Na hali ikibadilika, kwa mfano mashahidi wakuu wameshatoa ushahidi, ombi jipya huruhusiwa.

Kama aliyekamatwa si Mkenya, omba ubalozi wake ujulishwe. Tanzania ina ubalozi mdogo Mombasa. Tarajieni pasipoti kuwekwa mahakamani na mdhamini Mkenya kuhitajika.

## Hatua ya 10: Mpaka kesi iishe

Andikeni kila tarehe ukutani. Tarehe ya kutajwa, yaani siku kesi inapoitwa bila kusikilizwa, nayo ni tarehe. Asiseme "leo ni kutajwa tu". Akikosa bila sababu, hati ya kumkamata hutolewa, pesa hutaifishwa, na mdhamini huitwa kueleza kwa nini asilipe. Akiugua, karatasi ya hospitali ifike mahakamani siku hiyo hiyo, si wiki ijayo.

Mdhamini akiona mtu wake ameanza kujificha, anaruhusiwa kwenda mahakamani kuomba ajitoe. Mshtakiwa ataitwa kutafuta mdhamini mwingine. Mweleze mdhamini haki hiyo tangu mwanzo, atakubali kwa moyo mwepesi zaidi.

Kesi ikiisha, awe ameachiliwa au amepatikana na hatia, aliyelipa pesa taslimu arudi na risiti halisi, kitambulisho na maelezo ya akaunti yake, aombe kurudishiwa. Kama kumetolewa faini, anaweza kuridhia pesa hiyo itumike kuilipa. Mdhamini naye aombe hati yake, aifungue pale pale dirishani, ahakikishe ni ile aliyoileta, ndipo atie sahihi.